Mwalimu Mwamvua Fikirini Matimbwa, Aliyeitikia Waliogonga

Mwalimu Mwamvua Fikirini Matimbwa amekufa. Wasifu wa aina hii huanza kwa kuzaliwa, na neno la kufa huja mwisho, likiwa limevikwa nguo kidogo kwa heshima ya wasikilizaji. Yeye mwenyewe alielekeza kwamba lianze na lisemwe hivyo. Miongoni mwenu wamo wanafunzi wake kumi na wanne, ambao aliwazoesha kuambiwa jambo lilivyo, kwa sentensi fupi, siku moja kabla halijatokea. La siku moja kabla halikuwezekana. Mengine tumejitahidi.

Alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Aprili 1971, kijijini Mbwera, katika delta ya Rufiji, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto wanne wa marehemu Mzee Fikirini Matimbwa na Bi Siti binti Mwinyimvua. Siku hiyo mvua ilinyesha, na ndiyo sababu ya jina lake. Ilinyesha pia siku iliyotangulia na siku iliyofuata, kwa kuwa yalikuwa masika, na wasichana wengine wawili waliozaliwa juma hilo kijijini waliitwa Mwamvua vilevile. Mzee Fikirini alilima mpunga na kuvua kamba. Hakufanikiwa sana kwa lolote kati ya hayo mawili, ila hakuwahi kuacha.

Mtoto wa tatu wa nyumba hiyo, aliyezaliwa mwaka 1975, aliitwa Mudrick. Inabidi atajwe hapa, kwa sababu Mwalimu hakumtaja katika kikao chochote alichowahi kuongoza, na hali vikao vyote vilimhusu. Mudrick hakusema. Aliweza kupanga tenga zima la samaki kuanzia mkubwa hadi mdogo, na mtu akihamisha mmoja alilia mpaka arudishwe mahali pake. Kijiji kilikuwa tayari kuishi na mtu asiyesema. Kilichokishinda ni mtoto asiyewaamkia wakubwa. Mzee Fikirini alimpeleka kwa waganga watatu, ambao hawakuelewana juu ya shetani mhusika wala rangi ya kuku, ila wote watatu walisema kwa kauli moja kwamba mtoto huyu lazima atoe shikamoo.

Bi Siti ndiye aliyegundua kwamba alikuwa akiitoa. Kila asubuhi Mudrick alipopita alipo mama yake aligonga nguzo ya mlango mara mbili kwa kifundo cha kidole, kisha akasimama. Aliambiwa "karibu", akabaki amesimama. Aliambiwa "hebu nipishe", akabaki amesimama. Asubuhi moja Bi Siti, kwa kuchoka tu, kama asemavyo mwenyewe, akajibu, "Marahaba." Mudrick akaenda zake. Toka siku hiyo aligonga, akaitikiwa, na nyumba ikapata nafuu. Shule hakuandikishwa. Alikufa mwaka 1998 kwa homa ya siku tatu, akiwa na miaka ishirini na mitatu.

Mwalimu alisoma shule ya msingi kijijini kuanzia mwaka 1979 hadi 1985. Kisha alihamia Umwe kwa shangazi yake ili aweze kwenda sekondari, ambayo aliimaliza mwaka 1989. Alijiunga na chuo cha ualimu mwaka 1991 na kuhitimu mwaka 1993. Miaka kumi na mmoja baadaye, akiwa na watoto wawili na kazi ya uhakika, aliomba ruhusa ya kwenda Arusha kusomea elimu maalumu. Alirudi mwaka 2006 na cheti, masweta mawili na neno "usonji". Masweta hayakupata kazi yoyote. Neno lilipokewa vibaya kidogo, kwani watu wengi wa hapa Kibiti walidhani ni ugonjwa mpya wa mikorosho, na mzee mmoja wa heshima, ambaye yupo hapa leo na amekubali lisemwe, alimwuliza kama unatibika kwa salfa.

Alifunga ndoa na Bwana Abdalah Ukasha, mfanyabiashara wa ufuta na mchele wa Ikwiriri, tarehe 7 Desemba 1996. Kabla ya hapo alikataa posa mbili bila kutoa sababu, jambo lililowaumiza wajomba zaidi ya waposaji. Bwana Abdalah alipofika Mbwera na wazee wake, Mudrick alitokea uani, akagonga nguzo mara mbili mbele yao na kusimama. Wazee wakatazama chini. Bwana Abdalah akasema, "Marahaba, shemeji," kisha akaendelea kunywa maji. Alipoulizwa baadaye nani alimfundisha, alisema alimsikia mama mwenye nyumba akiitikia asubuhi hiyo, naye akafuata, kama anavyofuata bei ya ufuta sokoni. Posa ilijibiwa siku hiyohiyo. Walijaliwa watoto wawili, Habiba na Johari.

Alianza kazi Umwe mwaka 1994 na kufundisha madarasa ya kawaida kwa miaka kumi. Mwaka 2007 alihamishiwa Kibiti kuanzisha kitengo cha watoto wenye usonji, ambacho siku ya kwanza kilikuwa na wanafunzi watatu na chumba kilichokuwa kikihifadhi majembe. Majembe yaliendelea kuhifadhiwa humo hadi mwaka 2011. Jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kuiondoa filimbi ya paredi upande wa kitengo, kwa sababu iliwapelekea wanafunzi wake wawili kujificha chini ya meza hadi mchana. Kaimu mkuu wa wakati huo alimwuliza shule itaendeshwaje bila filimbi. Mwalimu alimjibu kwamba itaendeshwa na walimu.

Tatizo kubwa lilikuwa jingine, na wakazi wa bonde wanalijua. Watu wetu wanafuata mpunga. Mtoto anaandikishwa Kibiti mwezi wa kwanza, mwezi wa nne yuko mabondeni na wazazi, mwezi wa saba yuko kwa bibi yake Ikwiriri, na mwaka ukiwa mbaya anamalizia kwa mjomba Somanga, ambako ni Kilwa, mkoa mwingine kabisa. Wilaya ya Rufiji ilipogawanywa, mto ulibaki mmoja na mtoto akawa wa ofisi mbili. Mtoto mwingine huhama na kuzoea. Wa kwake kila alipohama alianza upya, na kila shule ilianza upya kutafuta ni kitu gani kinachomliza. Mwalimu alikwenda kueleza jambo hili katika ofisi moja ambayo haina haja ya kutajwa, akajibiwa kwa adabu kwamba watoto wa aina hiyo hawapo. Aliomba kuonyeshwa jinsi walivyohesabiwa. Fomu haikuwa na safu yao.

Basi Jumamosi tarehe 3 Februari 2018 aliwaita walimu wa shule kumi na moja, kutoka Kibiti, Rufiji na Kilwa, wakutane katika darasa lake kwa nauli zao. Walikuja tisa siku hiyo, na baadaye wakakamilika. Walikubaliana kwamba kila mtoto atakuwa na daftari moja gumu litakalomfuata popote anapokwenda, kwa boti au kwa basi, na shule itakayompokea itasoma kwanza, itafundisha baadaye. Ndani yake kutaandikwa anachopenda, anachoogopa, anatulizwaje, na jana alifika wapi kwenye hesabu. Hilo lilipita kwa robo saa. Saa tatu zilizobaki zilikwenda kwenye shikamoo.

Mwalimu alipendekeza kwamba mtoto asiyeweza kuamkia kwa mdomo aruhusiwe kugonga mara mbili juu ya kitu chochote cha mbao, na mwalimu yeyote katika shule zote kumi na moja alazimike kumwitikia kama anavyomwitikia mwingine yeyote. Aliyepinga alikuwa Mwalimu Twalibu, mkuu wa shule moja ya sekondari Ikwiriri, aliyealikwa kwa hoja kwamba watoto hukua.

"Mtoto asiyewaamkia wakubwa," alisema Mwalimu Twalibu, "huyo hajalelewa. Usonji baadaye, malezi kwanza. Leo agonge meza, kesho wote wagonge meza. Itakuwa shule au karakana?"

"Mwalimu Twalibu, wewe leo umeniamkia?"

"Mimi na wewe rika moja."

"Umezaliwa mwaka gani?"

"Sabini na tano."

"Mimi sabini na moja. Toka saa tatu uko humu ndani, chai yangu umekunywa, na shikamoo sijaiona. Na mdomo unao."

Darasa lilicheka. Mwalimu wa Somanga alicheka hadi akatoka nje. Mwalimu Twalibu alinyoosha mikunjo ya kanzu yake, kisha akasema, "Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Sasa tuandike."

Iliandikwa. Mwalimu Twalibu alitaka kumbukumbu zionyeshe kwamba yeye hakuafiki, na zinaonyesha hivyo hadi leo.

Mtoto wa kwanza kupewa daftari alikuwa Zuena Ismaily wa Mbwera, wakati huo mwenye miaka minane, ambaye baba yake anaendesha boti ya abiria kati ya Mbwera na Nyamisati. Ukurasa wa kwanza wa daftari lake unasema: "Hapendi filimbi. Hapendi kushikwa mkono. Anapenda kusikia nazi ikikunwa. Akigonga mara mbili, mwitikie. Asipoitikiwa hataingia wala hataondoka." Daftari hilo lilisafiri na Nahodha Ismaily katika mfuko wa nailoni, kisha kwa makondakta wa mabasi, na mmoja wao alizoea kumpigia Mwalimu simu na kusema, "Mama, mzigo wako wa maandishi umefika. Siku nyingine weka na samaki, konda naye ni mtu." Mwaka 2020 lilijaa, na Mwalimu akamnunulia jipya zuri lenye jalada jekundu. Zuena alilinusa akalisukuma. La zamani lilikuwa limesafiri miaka miwili sakafuni mwa boti pamoja na kamba wabichi. Walimu wenye vyeti walijadili suala hilo kwa siku tatu. Mwishowe jekundu lilipelekwa Mbwera, likalazwa wiki nzima kwenye tenga la kamba, likarudi, likakubaliwa. Jambo hilo limeandikwa kwenye ukurasa wa pili, chini ya kichwa "Vifaa."

Mwezi Januari mwaka huu Zuena alikuwa wa kwanza kati yao kuingia kidato cha kwanza. Aliingia Ikwiriri, kwenye shule ya Mwalimu Twalibu, anaishi kwa shangazi yake, na hesabu anawazidi wengi. Hapa ni lazima lielezwe jambo ambalo kila mwalimu aliyeketi mbele analijua. Makubaliano ya shule kumi na moja hayana barua. Barua ya kuyaidhinisha ilipelekwa mwaka 2018, na jibu lake ni kwamba suala linafanyiwa kazi. Kilichozifunga shule hizi kwa miaka hii yote ni simu ya Mwalimu Mwamvua kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi: "Kesho kikao. Usiniambie habari ya msiba wa mbali." Zuena yuko kidato cha kwanza kwa sababu ya simu hiyo. Kabla ya daftari alirudishwa nyumbani na shule mbili, na kazi iliyokuwa ikimsubiri Mbwera ilikuwa kumenya kamba. Bado inamsubiri.

Mwezi Agosti 2024 Mwalimu aligundulika kuwa na saratani ya shingo ya kizazi. Alitibiwa Dar es Salaam kwa miezi saba, akarudi darasani, akazidiwa tena mwezi wa saba mwaka huu. Alipoambiwa na daktari kwamba sasa ni kumtuliza maumivu tu, aliomba aletewe madaftari yote kumi na manne. Yalifika kwa njia zake za kawaida katika muda wa siku tisa. Katika kila moja aliandika kwa mkono wake ukurasa huu: "Mwalimu Mwamvua anaumwa. Atakufa. Hatarudi darasani. Hakuna mtoto aliyekosea. Salamu itaitikiwa na mwalimu mwingine." Chini yake aliacha mstari mtupu wa jina la huyo mwalimu mwingine.

Mjomba wake alimkuta akiandika. "Mwanangu, ndiyo unajichulia hivyo?"

"Nabadilisha ratiba, mjomba. Watoto hawapendi kushtukizwa."

"Na huu mstari je?"

"Huo si kazi yangu kuujaza."

Alikufa nyumbani kwake hapa Kibiti jana, Jumatano, tarehe 12 Novemba 2025, saa kumi na mbili na robo asubuhi. Mume wake alikuwepo, na mama yake, na Johari. Hakusema neno la mwisho. Juzi yake alisema kwamba uji ulikuwa na sukari nyingi. Maziko yalisubiri hadi leo ili Habiba afike kutoka Mwanza, na amefika.

Jana alasiri wanawake walikuwa wamejaa chumbani alimolazwa. Zuena alikuja kutoka Ikwiriri akiwa na sare na daftari lake, akifuatana na mkuu wake wa shule, ambaye alibaki nje na wanaume. Alifika mlangoni, akagonga nguzo mara mbili, akasimama.

"Karibu, mwanangu," walisema wanawake. "Pita. Pole."

Zuena hakupita. Akagonga tena.

"Karibu, mbona twakwambia karibu?"

Johari, binti wa marehemu, akawaeleza kwamba hapigi hodi huyo, anaamkia.

"Anamwamkia nani?"

Wote walitazama kitanda. Bibi mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Basi nyamazeni. Salamu ya maiti haichukuliwi na mtu." Mwingine akasema itakuwa dhambi, mwingine akasema si dhambi ila si vizuri, na wa nne akataka aulizwe sheikh. Sheikh alikuwa amekwenda makaburini kuonyesha pa kuchimba. Zuena alisimama. Alisimama hapo mlangoni kwa dakika ishirini au zaidi, akigonga mara mbili kila baada ya kitambo, huku maji ya kuoshea yakipoa kwenye ndoo, kwa kuwa waliobeba hawakuweza kupita.

Bi Siti alikuwa ameketi chini kichwani mwa kitanda, na toka asubuhi alikuwa hajasema kitu. Wengi walidhani hasikii. Zuena alipogonga tena, alisema bila kuinua uso, "Marahaba."

Zuena akaingia, akaweka daftari miguuni mwa Mwalimu, akatoka. Maji yakapitishwa.

Nje, Mwalimu Twalibu, aliyeyasikia yote kupitia dirishani, alimwuliza mdogo wa marehemu, ndiye anayewasomea karatasi hii, "Kikao cha tarehe sita Desemba kipo?"

"Kipo kwenye kalenda yake."

"Nani anakiita?"

"Alikuwa anakiita yeye."

Akatazama barabarani. "Andika nimekiita mimi. Na uandike kwamba lile la mwaka kumi na nane sikuafiki."

"Hilo limeshaandikwa."

"Basi ongeza na hili."

Limeongezwa. Jana hiyohiyo aliomba daftari la Zuena, na katika mstari ulioachwa wazi sasa kuna jina lake, kwa wino wa buluu na mwandiko wa mkuu wa shule. Mistari kumi na mitatu bado mitupu. Madaftari hayo yamepangwa kwenye meza iliyo karibu na mlango, na kalamu ipo.

Marehemu ameacha mume, Bwana Abdalah Ukasha, watoto wawili, Habiba na Johari, wajukuu watatu, mama yake, Bi Siti binti Mwinyimvua, ambaye sasa amefiwa na watoto wawili, kaka yake mkubwa, Mwinyimvua, wa Mbwera, mdogo wake, Faraji, wanafunzi kumi na wanne, na shule kumi na moja katika wilaya tatu ambazo kisheria hazijuani.

Jeneza litakapotoka, wanafunzi hawatawapa mikono wala hawatawaambia pole. Watapita mlangoni mmoja mmoja, na kila mmoja atagonga nguzo mara mbili na kusimama. Wengine watachelewa kuondoka. Tunajua jua ni kali na makaburi yako mbali. Sheikh ameulizwa leo asubuhi, na amesema kuitikia hakuna ubaya.

Mwenyezi Mungu amsamehe makosa yake na ampumzishe mahali penye utulivu, pasipo na filimbi. Na yeyote atakayekuwa karibu na mlango, aitikie.